Kuchagua Laptopu ya Ubunifu na Burudani: Lipia Kwanza Usichoweza Kubadilisha



Kila muhula unapofunguliwa, ndugu na dada wa mwaka wa kwanza huniletea swali lile lile: "Kaka, ninunue laptopu gani?" Huniuliza mimi kwa sababu ndiye ninayetengeneza mabango ya mihadhara na kadi za mialiko za jumuiya yetu, na kwa sababu nimewasindikiza wengi madukani hapa Kampala. Karibu wote wanataka mashine moja ifanye kazi mbili. Mchana iwe ya ubunifu: mabango, nembo, michoro ya majengo, video fupi. Usiku iwe televisheni ya chumba cha hosteli: filamu, mpira, vipindi vya YouTube.

Swali hili si dogo. Kwa wengi wetu fedha ya laptopu ni mavuno ya msimu mzima nyumbani, au akiba ya mzazi aliyejinyima. Mashine hununuliwa mara moja tu kwa miaka yote ya masomo. Ikichaguliwa vizuri, huweza kurudisha gharama yake kwa kazi ndogondogo za wateja. Ikichaguliwa vibaya, mwenyewe huivumilia mpaka siku ya mahafali.

Katika somo hili nitaeleza kanuni moja, kisha tuitumie sehemu kwa sehemu. Kanuni yenyewe ni hii: lipia kwanza kile usichoweza kubadilisha baadaye.

KANUNI NA SABABU YAKE

Laptopu ina sehemu za aina mbili. Zipo ambazo fundi anaweza kuzibadilisha kwa bisibisi kwa muda mfupi: diski, betri katika modeli nyingi, na RAM ikiwa imechomekwa kwenye tundu lake. Zipo nyingine ambazo utakaa nazo mpaka mwisho: prosesa, kadi ya grafiki, RAM iliyolehemiwa kwenye madabodi, na kwa kiasi kikubwa kioo. Ni kweli kioo kikivunjika hubadilishwa. Lakini kupata kioo bora kuliko kile kilichotoka kiwandani, kinachokubaliana na waya na fremu ya modeli yako, ni kazi nyingine na gharama nyingine.

Sasa angalia matangazo ya dukani. Karatasi iliyobandikwa kwenye laptopu huandikwa kwa herufi kubwa "Core i7, 1TB". Hiyo 1TB ni diski, yaani sehemu rahisi kuliko zote kubadilisha. Na "Core i7" bila namba zinazofuata haikuambii mengi, kama tutakavyoona. Kuhusu kioo, mara nyingi karatasi husema ukubwa wake tu. Basi mnunuzi huvutwa na vile anavyoweza kuviongeza mwenyewe, na kile atakachokitazama kila siku kwa miaka minne hakiulizii.

SEHEMU YA KWANZA: KIOO

Nimeanza na kioo kwa sababu ndicho kinachounganisha kazi zako mbili. Mbunifu anataka kuona rangi kama zilivyo. Mtazamaji wa filamu anataka uso wa mtu uonekane wa mtu, na tukio la usiku lisiwe giza tupu. Kioo kinachomfaa mmoja humfaa mwenzake. Hakuna sehemu nyingine ya laptopu inayofanya kazi zote mbili kwa malipo mamoja namna hii.

Kuna mambo manne ya kuangalia.

La kwanza ni idadi ya pikseli. Kioo cha 1366 kwa 768 kina pikseli zipatazo milioni 1.05. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina zipatazo milioni 2.07, karibu mara mbili. Kwenye kile cha kwanza, ukifungua programu ya ubunifu, vidirisha vya vifaa na rangi humaliza nafasi na bango lako hubaki kama stempu. Usishuke chini ya 1920 kwa 1080. Ukipata 1920 kwa 1200, unaongezewa mistari 120 kwa urefu wa kwenda chini, na hiyo ni faida kwa kazi. Kwenye filamu utaona tu ukanda mweusi juu na chini.

La pili ni aina ya kioo. Vioo vya TN hubadilika rangi ukivitazama kutoka pembeni au kutoka chini. Vioo vya IPS hubaki na rangi ile ile karibu kila upande. OLED huonyesha weusi halisi kwa sababu kila pikseli huzimika yenyewe, lakini bei yake ni kubwa zaidi. Kwa mwanafunzi, IPS inatosha. Kumbuka pia kwamba filamu hosteli haitazamwi na mtu mmoja. Mkikaa wanne kitandani mbele ya kioo cha TN, wa katikati ndiye anayeona filamu. Wa pembeni wanaona vivuli.

La tatu ni upana wa rangi. Kipimo kinachotumika zaidi ni sRGB, kilichoandaliwa na kampuni za HP na Microsoft mwaka 1996. Picha nyingi za intaneti zimeandaliwa kwa kipimo hicho. Kioo kinachofikia karibu asilimia 100 ya sRGB ni kizuri kwa mbunifu. Katika maelezo ya kiwandani utakutana pia na kipimo cha zamani cha NTSC. Ukiona "45% NTSC", fahamu kuwa ni kioo dhaifu, kinachoonyesha takriban theluthi mbili tu ya rangi za sRGB. Ukiona "72% NTSC", hicho kinakaribia sRGB kamili.

La nne ni mwanga, unaopimwa kwa niti. Niti 250 zinatosha chumbani. Ukipenda kufanya kazi barazani au karibu na dirisha, tafuta 300 au zaidi.

Kwa nini nasisitiza rangi? Mwenzetu mmoja alipewa kazi ya kadi za harusi. Kioo chake kilikuwa dhaifu, rangi nyekundu ilionekana imepauka, basi akaiongeza, kisha akaiongeza tena mpaka ikampendeza. Kadi zilipotoka kwa mchapaji, nyekundu ilikuwa imekolea kama damu iliyoganda. Mteja alizikataa, na fedha ya karatasi na wino ikatoka mfukoni mwa kijana. Mkono wake haukuwa na kosa lolote. Alikuwa akifuata macho yake, na macho yalikuwa yakidanganywa na kioo.

Hapa niongeze tahadhari kwa wanaopeleka kazi Nasser Road, mtaa wa wachapaji unaojulikana na kila mbunifu wa Kampala. Hata kioo bora hakionyeshi kila kitu sawasawa na karatasi. Kioo huchanganya mianga mitatu: nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya kuchapia huchanganya wino wa aina nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Buluu kali na kijani king'aavyo kwenye kioo hupoa kwenye karatasi. Kwa hiyo geuza kazi yako iwe katika mfumo wa CMYK kabla ya kuipeleka, na omba nakala moja ya majaribio kabla ya kuchapa mia tano.

SEHEMU YA PILI: PROSESA, SOMA NAMBA NZIMA

Watu husema "i7 ni bora kuliko i5" kana kwamba ni cheo cha jeshi. Ukweli uko katika namba zinazofuata. Katika Core i5-8250U, tarakimu ya 8 ni kizazi. Katika Core i7-10510U, kizazi ni 10. Katika Core i5-1135G7, kizazi ni 11. Herufi nayo ina maana: U ni prosesa inayotumia umeme kidogo, H ni yenye nguvu zaidi na inayokula umeme zaidi.

Linganisha mbili hizi. Core i7-7500U ilitoka mwaka 2016 na ina viini 2. Core i5-8250U ilitoka mwaka 2017 na ina viini 4. Kwa kazi kama kutoa video iliyokwisha kuhaririwa, hiyo i5 inaishinda hiyo i7, ingawa stika ya i7 ndiyo inayovutia macho. Basi muuzaji akikwambia "i7", muulize mara moja: "Ya kizazi gani, na ina viini vingapi?"

Kwa laptopu zilizotumika, ushauri wangu ni kuanzia kizazi cha 8. Ipo sababu ya pili. Windows 10 iliacha kupewa huduma ya kawaida na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa prosesa chache sana za kabla ya hapo. Mashine ya kizazi cha 4 au cha 6 itawaka, na utaweza kuitumia kwa Linux, lakini kwa Windows inabaki na mfumo usiozibwa matundu ya usalama.

Kwa upande wa AMD, usidanganywe na tarakimu ya kwanza peke yake. Katika prosesa za Ryzen za mfululizo wa 7000, tarakimu ya tatu ndiyo inayoonyesha usanifu wa ndani. Ryzen 5 7520U imejengwa kwa usanifu wa Zen 2, ulio wa zamani, na Ryzen 7 7840U kwa Zen 4. Zote huitwa "7000", lakini zimeachana mbali.

SEHEMU YA TATU: RAM NA DISKI

RAM ni kama meza ya kazi. Meza ikiwa ndogo, kila ukitaka kitu unainuka kwenda kabatini. Tupige hesabu kidogo. Bango la ukubwa wa A3 kwa pikseli 300 kwa inchi lina pikseli 3508 kwa 4961, yaani zipatazo milioni 17.4. Katika CMYK kila pikseli huchukua baiti 4. Kwa hiyo tabaka moja iliyojaa huchukua karibu MB 70. Weka matabaka kumi, tayari ni MB 700, kabla ya kuhesabu Windows, kivinjari chenye kurasa ishirini, na historia ya hatua unazoweza kurudi nyuma.

Ndiyo maana Adobe wenyewe husema Photoshop inahitaji angalau GB 8 na hupendekeza GB 16. Na kama laptopu haina kadi ya grafiki ya peke yake, sehemu ya RAM hiyo hiyo huazimwa kwa kazi ya picha.

Swali kubwa la dukani ni hili: RAM imechomekwa au imelehemiwa? Ikiwa imechomekwa, GB 8 leo si tatizo. Ukipata kazi mbili tatu za wateja unaongeza GB 8 nyingine, na zikiwa mbili sambamba hata michoro huenda haraka zaidi. Ikiwa imelehemiwa na hakuna tundu la ziada, unachonunua leo ndicho utakachokuwa nacho siku zote, basi usikubali chini ya GB 16 kama fedha inaruhusu.

Diski ndiyo sehemu ya kuihofia kidogo zaidi, kwa sababu hubadilika. Jua tofauti tu. Diski ya zamani inayozunguka husoma takriban MB 100 kwa sekunde. SSD ya aina ya SATA hufika karibu MB 550. SSD ya NVMe ya kawaida huweza kufika MB 3,500. Mashine yenye SSD ya GB 256 ni bora kwako kuliko yenye diski ya kuzunguka ya 1TB. Filamu zako unaweza kuziweka kwenye diski ya nje. Jihadhari na hifadhi ya eMMC katika laptopu mpya za bei ya chini: kwa kawaida imelehemiwa, ni ndogo, na ni ya polepole.

SEHEMU YA NNE: KADI YA GRAFIKI, NI YA NANI?

Wengi huambiwa kuwa mbunifu lazima awe na kadi ya grafiki ya peke yake. Inategemea ubunifu upi. Kwa mabango, nembo, vitabu na kadi, ukitumia Illustrator, CorelDRAW, Photoshop au Inkscape, prosesa nzuri na RAM ya kutosha zinafanya kazi vizuri bila kadi hiyo. Kwa michoro ya majengo ya pande tatu, kwa Blender, na kwa kuhariri video ndefu zenye madoido mengi, kadi hiyo huokoa saa nyingi. DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure, huitegemea sana.

Kadi hiyo huja na bei yake ya pembeni: uzito, joto, feni inayovuma, na betri inayokwisha mapema. Mwanafunzi wa usanifu majengo ana sababu ya kuibeba. Mwanafunzi wa elimu anayetengeneza mabango siku za Jumamosi hana. Tofauti hiyo ya bei aipeleke kwenye kioo.

Na kwa kuwa nimetaja programu, usikimbilie zile zilizovunjwa ufunguo zinazozunguka kwenye flashi. Nyingi huja na virusi. GIMP, Inkscape, Krita na Blender ni za bure kabisa, na Autodesk huwapa wanafunzi waliothibitishwa AutoCAD na nyinginezo bila malipo kwa ajili ya masomo.

SEHEMU YA TANO: BURUDANI

Baada ya kioo, burudani inahitaji vitu vitatu.

Cha kwanza ni uwezo wa kusoma video bila kuhangaika. Video husafirishwa zikiwa zimebanwa, na kubanuliwa kwake ni kazi. Prosesa yenye kifaa maalumu cha kazi hiyo huifanya kimyakimya. Isiyo nacho huifanya kwa nguvu zake zote: feni inavuma, betri inashuka, picha inakatika. Kwa Intel, kizazi cha 7 kilileta uwezo kamili wa kusoma HEVC na VP9 za biti 10, na kizazi cha 11 kikaleta AV1. YouTube hutumia VP9 na AV1. Uzuri wa AV1 ni kwamba hutoa picha ya ubora ule ule kwa data kidogo zaidi, na wewe unayenunua data kwa vipimo unajua maana yake.

Cha pili ni matundu. Hakikisha kuna HDMI, au USB-C inayotoa picha, ili siku ya mechi muunganishe na televisheni ya ukumbi wa hosteli. Hakikisha pia tundu la hedifoni linafanya kazi, kwa sababu mwenzako wa chumba ana mtihani asubuhi. Spika za laptopu nyingi ni dhaifu; usilipe zaidi kwa ajili yake, maana spika ndogo ya nje hununuliwa wakati wowote.

Cha tatu ni betri. Uwezo wake huandikwa kwa wati-saa. Betri ya wati-saa 50, kwenye mashine inayotumia wati 10, hukaa saa 5. Ikiwa imechakaa na kubaki na wati-saa 30, ni saa 3. Umeme ukikatika ukiwa na kazi ya kukabidhi saa mbili usiku, tofauti hiyo utaijua.

MPYA YA BEI YA CHINI AU ILIYOTUMIKA?

Tuchukue laptopu tatu ambazo bei zake zinakaribiana.

Laptopu A ni mpya, ndani ya boksi. Ina Celeron N4020 ya viini 2, RAM ya GB 4 iliyolehemiwa, eMMC ya GB 64, na kioo cha 1366 kwa 768.

Laptopu B imetumika. Ina Core i5-8350U ya viini 4, RAM ya GB 8 katika tundu moja kati ya mawili, SSD ya GB 256, na kioo cha IPS cha 1920 kwa 1080.

Laptopu C imetumika. Ina Core i7-6600U ya viini 2, RAM ya GB 16, diski ya kuzunguka ya 1TB, na kioo cha 1366 kwa 768.

Ukisoma stika, C inashinda: i7, GB 16, 1TB. Ukitumia kanuni yetu, B inashinda wazi. Upungufu wa B ni RAM na ukubwa wa diski, vyote vinaongezeka. Upungufu wa C ni prosesa na kioo, vyote utakaa navyo. A haina mlango wa kutokea: kila upungufu wake umelehemiwa. Upya wake ni boksi na harufu.

Hata hivyo, usinunue jina la modeli peke yake. ThinkPad T480, kwa mfano, ni ya mwaka 2018, ina matundu mawili ya RAM, na wengi huipenda. Lakini jina hilo hilo liliuzwa na vioo vya 1366 kwa 768, 1920 kwa 1080, na 2560 kwa 1440. Mbili zilizokaa rafu moja zinaweza kuwa mashine tofauti kabisa kwa mbunifu. Washa, uone kwa macho yako.

Wanaoweza kufika kwenye MacBook Air ya M1, iliyotoka Novemba 2020, wanapata kioo kizuri sana cha 2560 kwa 1600, na haina hata feni. Wakumbuke tu kwamba RAM na diski zake haziongezeki, basi GB 8 itabaki GB 8.

UKAGUZI WA DUKANI

Nikimsindikiza mtu, sitoki dukani kabla ya hatua hizi nane. Huchukua kama nusu saa, na muuzaji mwaminifu hachukii.

1. Beba flashi yenye picha yako moja, pamoja na nakala yake iliyochapwa vizuri. Fungua picha kwenye kioo, ishike karatasi pembeni, linganisha. Hakuna kipimo rahisi kuliko hiki.

2. Weka kwenye flashi hiyo picha yenye vipande kumi vya kijivu, kutoka nyeusi hadi nyeupe. Kama vipande viwili vya giza zaidi huvitofautishi, matukio ya usiku ya filamu hutayaona pia.

3. Fungua ukurasa mweupe, utazame kutoka kushoto, kulia, juu na chini. Tafuta madoa, mistari na rangi zinazogeuka.

4. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua "Task Manager". Sehemu ya "Performance" itakuonyesha jina kamili la prosesa na idadi ya viini. Upande wa "Memory", mstari wa "Slots used" hukuambia matundu mangapi yametumika.

5. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport. Linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa imeshuka chini ya asilimia 60, omba bei ipunguzwe au betri ibadilishwe.

6. Cheza video ya 1080 kwa dakika kumi bila chaja. Sikiliza feni, gusa chini, tazama asilimia ya betri inavyoshuka.

7. Zima, uwashe tena, uingie kwenye mipangilio ya BIOS. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, iache. Kwa MacBook, hakikisha haijafungwa kwa akaunti ya mmiliki wa zamani au ya kampuni.

8. Soma chaja. Iandikwe 100–240V, kwa sababu umeme wetu ni volti 240, na baadhi ya mashine hizi zimetoka nchi zenye umeme tofauti na plagi za pini mbili bapa. Kisha jaribu kila tundu na kila kitufe, na uombe risiti yenye namba ya mashine na muda wa dhamana.

MUHTASARI

Fedha yako igawe kwa utaratibu huu. Kwanza kioo cha IPS cha 1920 kwa 1080 chenye rangi nzuri. Pili prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi yenye viini 4 au zaidi. Tatu RAM inayoweza kuongezwa, au GB 16 kama haiongezeki. Nne betri na chaja. Tano SSD ya ukubwa wowote wa kuanzia. Kadi ya grafiki ni kwa wenye kazi inayoidai.

Maswali ya kujipima kabla ya kutoka na fedha:

(a) Kazi zako za ubunifu ni zipi hasa? Andika programu tatu utakazotumia kila wiki, na uangalie zinahitaji RAM kiasi gani.

(b) Muuzaji anakuonyesha laptopu mbili. Moja ni i7-7500U yenye kioo kizuri, nyingine ni i5-8250U yenye kioo cha 45% NTSC. Wewe kazi yako ni kuchapa mabango, na hosteli yenu ina televisheni yenye HDMI. Utachagua ipi, na kwa nini? Jadiliana na mwenzako. Mtaona kwamba kila chaguo lina kitu linachokosa, na jibu liko katika kazi utakayoifanya kila siku.

(c) Katika laptopu unayoitamani sasa, taja vitu viwili ambavyo hutaweza kuvibadilisha. Je, unaweza kuishi navyo miaka minne?

Ukishindwa kujibu hili la mwisho, bado siku ya kununua haijafika. Subiri, uliza, kagua tena.

Wabillahi tawfiq.